Jirani yangu alipokuja kurudisha pesa za pasi

Aliyeanzisha haya ni binti yangu wa miaka saba. Ilikuwa Jumatano, tarehe 5 Machi 2025, siku za mwanzo za Ramadhani, jua linaelekea kuzama. Mama yake yuko uani anakaanga sambusa, mimi niko barazani nimeshika simu, sisomi kitu, natazama saa tu. Akaingia Fundi, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, fundi cherehani, Mtaita wa Bura, na katikati ya paji la uso ana doa jeusi kama mtu aliyegusa sufuria. Mtoto akamkimbilia na ncha ya leso ya mamake.

"Babu Fundi, una masizi. Nikufute?"

"Haya hayafutwi, mjukuu wangu. Nimepakwa kanisani."

Basi nami, kwa njaa na ujuaji, nikadakia: "Ala! Kumbe nawe umefunga? Asubuhi si nimekuona na kikombe cha chai?" Waliokuwa barazani wakacheka. Fundi naye akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayekuondolea wewe aibu wala si yake. "Nimefunga kwa kufunga kwetu, Jirani," akasema, akaingia ndani.

Mimi na Fundi huitana Jirani, ingawa kwenye karatasi mimi ndiye mwenye nyumba. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita hapa Kisauni, tuliyoachiwa na marehemu baba. Sisi tunakaa viwili, vinne tunapangisha. Fundi yumo mwaka wa kumi na moja sasa. Kanzu zangu za Idd ni yeye anayezishona, sare za shule za watoto ni yeye, na mama yangu alipofariki alifuata jeneza kwa miguu hadi mlangoni mwa makaburi, kofia mkononi. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza anafunga nini, vipi, na kwa nini. Nilidhani najua. Nawaandikia wenzangu ambao pia wanadhani wanajua.

Tuanze na hilo doa. Wakatoliki huingia katika mfungo wao mkubwa, Kwaresima, kwa siku iitwayo Jumatano ya Majivu. Majivu yenyewe si ya jikoni. Jumapili moja kabla ya Pasaka, waumini hubeba matawi, ambayo kwetu Pwani huwa ni makuti ya mnazi au ya mtende, wakaandamana nayo kukumbuka Nabii Isa, ambaye wao humwita Yesu, alivyoingia Yerusalemu akishangiliwa. Wengine huyarudisha nyumbani wakayachomeka juu ya mlango. Mwaka ukizunguka, yale makavu huchomwa, na majivu yake ndiyo padre anayowapaka watu kwenye paji la uso kwa alama ya msalaba, akiwakumbusha kwamba wametoka mavumbini na huko ndiko watakakorejea. Yaani shangwe ya mwaka jana ndiyo majivu ya mwaka huu. Fundi aliponieleza hivyo nilinyamaza, maana nilikumbuka zile konzi tatu za mchanga tunazotia kaburini, na tunayoyasoma tunapozitia.

Neno Kwaresima nalo ni la zamani kwetu kuliko watu wanavyofikiri. Limetokana na Quaresma ya Wareno, na asili yake ni hesabu ya arubaini. Wareno ndio waliotuachia padre na misa, kama walivyotuachia meza na leso. Hata gereza, wataalamu wa lugha hulitoa kwenye igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Ngome ya Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, ilikuwa na kanisa ndani yake, na baadaye sana Waingereza wakaifanya jela hadi 1958. Ukiwa Mswahili wa Mombasa ni rahisi kuuona Ukatoliki kuwa ni kitu kilichoshuka merikebuni pamoja na mizinga. Historia siikatai, mji huu walishauchoma, mwaka 1505. Lakini Ukatoliki wa Fundi haukupita Fort Jesus. Ulipita misheni ya Bura, kule Taita, iliyofunguliwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1892, kisha ukapita kwa bibi yake aliyemfundisha sala kabla hajajua kusoma.

Na mapadre wa shirika hilo, walipokuwa Zanzibar na Bagamoyo wakitafuta maneno ya kuhubiria, walichota humu humu kwetu: imani, sala, dhambi, sadaka, rehema, malaika. Mmoja wao, Charles Sacleux, aliishia kutunga kamusi nene ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapishwa 1939. Ndiyo maana ukipita nje ya dirisha la kanisa Misa ikisomwa kwa Kiswahili, maneno mengi utayasikia ni ya nyumbani kwenu. Maana yake ndiyo huenda ikawa nyingine.

Sasa ile chai. Sheria ya Kanisa Katoliki inamtaka mtu mzima, kuanzia miaka 18 hadi atimize 59, afunge siku mbili: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kufunga huko ni kula mlo mmoja kamili kwa siku, na vilo viwili vidogo ambavyo ukivijumlisha havifiki mlo mmoja. Maji hayazuiwi, chai haizuiwi. Juu ya hayo, kuanzia miaka 14, hawali nyama siku hizo mbili na Ijumaa zote za Kwaresima. Samaki ni halali. Mgonjwa na mwenye udhuru hawabanwi, kama kwetu. Zile siku arubaini nyingine mtu hujipangia mwenyewe la kuacha. Na kwa kuwa nina diploma ya uhasibu na siwezi kuona hesabu nikaipita, niliihesabu: kuanzia 5 Machi hadi Jumamosi 19 Aprili, mkesha wa Pasaka, ni siku 46. Nikamwambia Fundi arubaini yao imezidi. Akaniambia toa Jumapili, kwa sababu Jumapili hazihesabiwi kuwa ni siku za kufunga. Nikatoa sita, ikaja sawa.

Nilimwambia wazi kwamba kufunga huku naona ni kwepesi. Hakukasirika. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, miwani imeshuka puani.

"Kwepesi kwa tumbo," akasema. "Lakini nyinyi mnafunga mji mzima, Jirani. Hoteli zimefungwa, kazini mnatoka mapema, hata mimi nikitaka maji najificha nyuma ya pazia. Mimi Jumatano ile nimekaa kibandani peke yangu, na kijana wa mahamri akaniletea manne kama kawaida. Hakuna aliyejua."

Kwa kweli sikuwa na jibu. Sijawahi kufunga Ramadhani mahali ambapo hakuna mwingine aliyefunga. Daku naamshwa, futari naitiwa, na nikitaka kuvunja, macho ya mtaa mzima yako juu yangu. Sisemi kwamba funga yangu ni ya macho ya watu. Nasema sijawahi kuipima bila hayo macho.

Fundi mwenyewe mwaka huo aliacha sukari kwenye chai. Pesa ya sukari huitia kwenye mkebe, na mkebe huo hupelekwa kanisani ukaongezwe kwenye fungu la maskini. Kwao nguzo za Kwaresima ni tatu zinazokwenda pamoja: sala, kufunga na sadaka. Ukifunga halafu kile ulichokiacha ukakiweka akiba yako, anasema, hapo umefanya ubahili tu.

Nilipoaibika zaidi ni kwa habari ya pilau. Kila Ijumaa, tangu Fundi aingie nyumba hii, mke wangu humpelekea mkewe sahani. Pilau ya nyama, Ijumaa bila hiyo haijawa Ijumaa. Na sahani hairudi tupu: inarudi na ndizi, na viazi vitamu vilivyotoka Taita, na maembe msimu wake. Baada ya lile doa la majivu, mke wangu alimwuliza mwenzake pale bombani, kwa upole kuliko nilivyouliza mimi, na ndipo ikajulikana. Miaka yote hiyo, kila Ijumaa ya Kwaresima, nyama ya sahani ile haikuliwa siku hiyo. Ilifunikwa, ikalala, ikapashwa moto Jumamosi. Kabla hawajawa na pa kuihifadhi, walikuwa wakimpelekea mlinzi wa shule ya pale mwisho wa njia.

"Kwa nini hukuniambia?" mke wangu alimwuliza.

"Dada, mtu hukataa sahani ya jirani?"

Tangu hapo, Ijumaa za Kwaresima inakwenda sahani ya samaki. Wiki ya kwanza alikwenda changu wa kupaka, mnene, tui limekolea. Fundi akatuma ujumbe kwa mtoto: waambie mama na baba ahsante, nyama nimefunga, lakini kwa samaki huyu ulafi umenishinda.

Mengine ya kila siku nitayapitia upesi. Jioni husali rozari, ambayo Wakatoliki wengine huiita tasbihi vilevile. Ile yao ina mafungu matano ya chembe kumi kumi, na kila fungu wanatafakari tukio moja katika maisha ya Yesu na mama yake. Ijumaa za Kwaresima kuna Njia ya Msalaba, vituo 14 ukutani mwa kanisa, wanatoka kimoja wanakwenda kingine wakikumbuka mateso. Na mara moja kwa wiki kuna jumuiya. Hii ni ya huku kwetu zaidi. Maaskofu wa Afrika Mashariki ndio walioamua katika miaka ya 1970 kwamba parokia kubwa haitoshi, waumini wa mtaa mmoja wakutane nyumba kwa nyumba, familia chache zinazojuana. Zamu ikifika kwa Fundi, watu kama kumi na tano hukaa uani kwetu juu ya mikeka, wakasoma, wakaimba kwa sauti ya chini, wakachanga cha mgonjwa. Marehemu mama ndiye aliyekuwa akiwaazima mikeka. Kuna mjomba wangu aliyelalamika, kwamba nyumba ya Kiislamu inageuzwa kanisa. Mama akamwuliza kama wapangaji wanapolipa kodi huwa anaichunguza dini yake. Hakulalamika tena, angalau si mbele yake.

Niliyotaka kuyafikia ni ya kuungama.

Kwetu sisi hili ndilo jambo la Wakatoliki linaloleta maneno zaidi. Mtu anakwenda kwa mtu mwenzake, anamtajia dhambi zake, naye anamwambia umesamehewa? Nimelisikia likichekwa misikitini na kwenye mabaraza, na mimi nimelicheka. Wengi tunafikiri ni kama kulipa faini: unasema, unapigiwa muhuri, unatoka, unarudia.

Usiku mmoja wa katikati ya Ramadhani nimetoka tarawehe, namkuta Fundi ananingoja barazani na bahasha ya kaki. Hakukaa.

"Jirani, nimekuja na deni lako."

Simdai kitu. Kodi amelipa. Nikamwambia akae, akakaa, akaanza kueleza. Alipoingia nyumba hii tulikubaliana kwamba atatumia pasi ya makaa, kwa sababu stima ya tokeni tunanunua pamoja na kila chumba kinatoa kiasi sawa. Pasi ya umeme ya fundi cherehani inakula kama chumba kizima. Lakini kwa miaka mitatu hivi, nyakati za kazi nyingi, shule zikifunguliwa, Idd ikikaribia, Krismasi, amekuwa akiichomeka ya umeme usiku, mlango umefungwa, sisi tumelala. Amekadiria. Ni shilingi 1,800. "Nimehesabu kwa juu, sikuhesabu kwa chini."

Nikataka kumrudishia. Pasi tu, bwana! Akanisukumia mkono. "Chukua. Si kwa ajili yako." Akaniambia alikuwa amekwenda kuungama Jumamosi, kama wafanyavyo wengi Kwaresima, na alipoitaja pasi padre alimwuliza swali moja tu: je, umemrudishia?

Nikashangaa. Kwanza nikadhani si ruhusa kuniambia waliyozungumza. Akasema siri ile inamfunga padre, haimfungi aliyeungama. Padre hawezi kuitoa kwa polisi, kwa hakimu wala kwa askofu wake, na akiitoa kwa kusudi ametengwa na Kanisa papo hapo. Kisha nikauliza lililokuwa rohoni: kama umeshasamehewa huko, mimi nahusika vipi?

Hapo ndipo Fundi, ambaye shule yake iliishia darasa la saba, alipomsomesha mwenye diploma. Kwao kitubio kina sehemu zake. Kuna majuto, kwamba uchukie ulilolifanya na ukusudie kutolirudia. Bila hayo, maneno ya padre hayakufai kitu, hata akiyasema mara mia. Kuna kuungama kwenyewe, kulitaja jambo kwa jina lake, usiseme "nimekosa" kwa ujumla. Kuna maondoleo, ambayo padre huyatamka, na wao wanaamini anayesamehe ni Mungu, padre ni mdomo. Na kuna malipizi: sala au tendo utakalopewa, na kama umeiba, umedhulumu au umemchafulia mtu jina, basi urekebishe unavyoweza. Mali ya watu irudi kwa watu. Ukiwa unacho na hutaki kukirudisha, hujajuta bado.

Msomaji aliyekaa madrasa ameshajua ninakokwenda. Tulifundishwa masharti ya toba tukiwa wadogo: uache, ujute, uazimie kutorudia, na kama kosa linahusu haki ya mja, umrudishie haki yake au umwombe akuhalalishie. Maalim wetu alikuwa akilisema la nne huku akigonga meza kwa bakora. Mwenyezi Mungu husamehe iliyo haki yake. Iliyo haki ya mja, mja mwenyewe ndiye unayepaswa kumwendea.

Sisemi mambo haya ni mamoja. Mimi siamini kwamba kati yangu na Mola wangu kuna haja ya mtu wa katikati, na sisi tumefundishwa tuzisitiri aibu zetu alizozisitiri Mungu, tusizitangaze. Nilimwambia Fundi hivyo usiku ule, naye hakubishana. Alisema tu kwamba kwake yeye, kusema kwa sauti mbele ya mtu ndiko kunakomzuia kujidanganya. Ndani ya kichwa chake, pasi ilikuwa jambo dogo kwa miaka mitatu. Ilipotoka mdomoni ikawa wizi.

Nilichukua ile bahasha. Nikaingia ndani, nikakaa kitandani, na friji ikaanza kunguruma.

Hebu niwape hesabu. Januari 2023 tulinunua friji. Kabla yake nyumba nzima ilikuwa inakula tokeni za kama 1,800 kwa mwezi, vyumba sita, 300 kila kimoja, wangu viwili nalipa 600. Friji ilipoingia, tukafika 2,400. Nikawaambia wapangaji stima imepanda, sasa ni 500 kwa chumba. Stima ilikuwa imepanda kweli, hakuna aliyebisha. Vyumba vinne mara 500 ni 2,000. Mimi, mwenye vyumba viwili, televisheni na friji, nikawa naongezea 400. Hata ukigawa sawasawa bila kuihesabu friji, kila chumba kilikuwa kitoe 400 na mimi 800. Kwa hiyo kila mpangaji alikuwa akinilipia shilingi 100 kila mwezi, maji yangu ya baridi na nyama yangu isioze. Sikuipanga kama wizi. Nilijiambia ni usumbufu wangu wa kwenda kununua tokeni, ambazo nanunua kwa simu nikiwa nimelala.

Januari 2023 hadi Februari 2025 ni miezi 26. Mara wapangaji wanne, mara 100. Shilingi 10,400.

Nilimwamsha mke wangu nikamwonyesha daftari. Aliliangalia kwa muda mrefu. Nguo za Idd za watoto zilikuwa hazijashonwa bado, na pesa za kitambaa zilikuwa kwenye droo, 7,000. Nilitarajia aseme tungoje hadi baada ya Idd, na kusema kweli nilitaka aseme hivyo. Akasema: "Mwaka jana nguo zao zinawatosha. Wa mwisho ndiye amerefuka, tutashusha upindo."

Tulianza kuwalipa ndani ya kumi la mwisho. Wa chumba cha nyuma, anayeuza maji kwa mkokoteni, alicheka hadi akakohoa, akasema hajawahi kusikia mwenye nyumba akirudisha. Mama wa chumba cha pembeni alizihesabu mara mbili kisha akaniuliza kama nataka kuuza nyumba. Kijana aliyeingia mwaka 2024, anayedai miezi tisa, 900 zake, alikuwa na wasiwasi zaidi. Alidhani namlainisha nimfukuze.

Fundi nilimbakisha mwisho, kwa aibu. Nilimpelekea 2,600 zake kibandani. Nilikuwa nimejitayarishia maneno, nikamweleza friji yote, Januari hadi Februari, mia mia. Alisimamisha cherehani. Akazipokea, akazihesabu, akazitia mfukoni. Nikapendekeza tukatane na zile 1,800 za pasi.

"Hapana. Zangu ni zangu, zako ni zako."

Kisha akanikazia macho juu ya miwani. "Jirani, ukuta wa chumba changu na wako ni mmoja. Friji nimeisikia usiku ule ule mlioiwasha."

"Ulijua?"

"Fundi anapima kwa futi kutwa nzima. Atashindwa na mia tano?"

Nikamwuliza, sasa kwa nini usiku ule ulipokuja na bahasha hukunitajia? Ilikuwa nafasi yake. Angeweza kusema nami ninakudai, tumalizane.

"Nilikwenda kuungama dhambi zangu," akasema. "Za kwako sikutumwa." Akakanyaga cherehani.

Idd ilikuja mwisho wa Machi. Fundi alishusha upindo wa gauni la wa mwisho bure, akala biriani kwetu, kwa kuwa haikuwa Ijumaa, na sukari bado hakutia kwenye chai kwa sababu Pasaka yake ilikuwa haijafika. Sasa tokeni tunalipa kwa vipimo. Nilinunua mita ndogo nikaifunga kwenye waya wa friji, na Fundi akanunua nyingine ya pasi yake, ile ya umeme, ambayo siku hizi anaipiga mchana mlango wazi.

Imebaki moja. Kabla ya kijana wa 900, chumba kile kilikuwa na mwingine, kuli wa bandarini, aliyekaa humo tangu Januari 2023 hadi Mei 2024. Miezi 17. Alihama kwenda Ukunda, nikasikia ameondoka Ukunda pia. 1,700 zake zimo kwenye bahasha ile ile ya kaki aliyoniletea Fundi. Nimewauliza masheikh wawili, wakaniambia nimtafute kwa bidii, na nikikata tamaa kabisa nizitoe sadaka kwa niaba yake, na akitokea siku yoyote akazitaka, nimlipe. Fundi alimwuliza padre wake, bila kunitaja, akarudi na jibu karibu lile lile. Nambari yake naipiga kila mwanzo wa mwezi. Inaita, halafu inakatika.